Friji ya Baba Haijagawiwa

Majengo,
Songea.
22 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Aidan,

Shikamoo. Hamjambo huko Kahama? Wifi Wema na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ingawa joto la mwaka huu linatukaanga. Kile kifua changu kimepona. Mama anatembea, anakula, ila ni kuhusu yeye ndiyo nakuandikia. Simu siwezi, maana nikipiga tu anakuja kukaa ubavuni kwangu. Barua hii anakuletea Fortunata, jirani yetu, anakuja huko kwa dada yake.

Ile friji uliyomnunulia baba imetutoa jasho, kaka. Ilikufa mwezi Machi, baba akiwa bado mzima. Fundi wa kwanza akajaza gesi mara mbili, kisha akasingizia umeme. Wa pili akaifungua, akaikodolea macho, akaifunga, eti toleo hilo hajawahi kuliona. Dukani wakasema tuipeleke Dar es Salaam. Friji ndefu kuliko mimi, niibebe kichwani? Mwisho tukampata Swalehe. Akaipeleka kwenye karakana yake, akang'oa kompresa, ile mota ya nyuma, akaagiza nyingine. Tukasubiri weee!

Baba akafa friji ikiwa huko kwa Swalehe, na hapo ndipo tulipokosea. Siku ya kumaliza matanga vitu vyake vilitolewa barazani, baba mdogo Fulgence akakitaja kila kimoja pamoja na mtu wa kukipokea: jembe, redio, baiskeli, hata kofia. Wewe ulipewa koti, ingawa hukuwepo. Friji hakuna aliyeikumbuka.

Mwezi Agosti Swalehe alitaka nafasi, akairudisha hivyo hivyo bila kompresa. Nikaifanya kabati la vikombe. Haijachomekwa ukutani hata siku moja. Basi mchana mmoja, saa saba, ule wakati baba alipokuwa akirudi kutoka shamba la Maposeni na kutaka togwa yake ya baridi, ikanguruma. Nikadhani ni bodaboda nje. Nikafungua mlango wake, baridi ikanipiga usoni. Nilipiga kelele mpaka mama akaja. Yeye hakushtuka. Alisema tu, "Karibu, Yohanes," kana kwamba baba ndiye aliyeingia, akatoa vikombe vyangu, akaweka chupa zake za insulini alizokuwa akizitunza kwa Fortunata.

Usinicheke. Nilimwita Swalehe aje aone mwenyewe. Aliingiza mkono nyuma, pale penye pengo la kompresa, akautoa haraka. "Innalillahi," akasema, akaokota bisibisi zake. Kompresa mpya imeshafika, lakini hataki kuileta. Mama naye hataki. Anasema tukiitengeneza, baba atajua hatumhitaji tena.

Ningenyamaza, maana dawa ilikuwa inakaa vizuri na nesi akimpima sukari anamsifu. Ila tangu Jumatano mngurumo unapungua. Mwanzoni ulichukua saa nzima kila mchana, baridi ikadumu hadi kesho yake. Jana haukufika dakika mbili. Leo asubuhi nimeshika zile chupa, zimekuwa vuguvugu. Nilitaka kuzirudisha kwa Fortunata, mama akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Naogopa, kaka. Dawa ikiharibika tutamzika na yeye.

Baba mdogo anasema kitu cha marehemu kisichogawiwa hubaki na mwenyewe. Wa kuipokea ni wewe uliyeinunua, tena mrithi. Lakini lazima usimame mbele ya hiyo friji, useme umepokea. Nikamuuliza kama kwa simu haiwezekani, akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili. Mama amekubali: ukishapokea wewe, Swalehe aifunge hiyo kompresa.

Najua ruhusa za kazini kwenu ni ngumu. Hukuja kumuuguza, hukuja kumzika, ulituma rambirambi, nami sikusema neno. Leo nasema. Panda basi uje.

Wasalimie wifi Wema na Dionis, mwambie shangazi anamkumbuka sana. Baba mdogo Fulgence anakusalimu. Mungu akulinde njiani, akufikishe ukute tuko wazima.

Nilikuwa naishia hapo, kumbe mama amesimama nyuma yangu anasoma. Hajakasirika. Ameniambia niongeze kwamba baba naye anakusalimu, na anauliza umechelewa wapi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Lukresia