Picha ya Shingo ya Syombua

Mama Njeri,

Bado niko Machakos. Kule Bonde la Ufa tulikofukuzwa wanaishi watu wengine, na siku hizi siulizi tena. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika na sina mwingine wa kunisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyongoja daktari bingwa wa Nairobi akutazame uvimbe wa shingo. Kila tukifika tunaambiwa turudi baada ya miezi. Ulikuwa ukisema, "Huyo daktari nitamwona mbinguni, na huko pia atakuwa na foleni." Siku yako ya kuonwa ilifika tukiwa tumeshakuzika.

Sasa hospitali ya hapa imeletewa kompyuta. Muuguzi anapiga picha ya mgonjwa, inatumwa Nairobi, na bingwa anajibu nani aende upesi na nani atibiwe papa hapa. Foleni imepungua kweli. Nilipoiona ikifanya kazi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ilikukosa kidogo tu.

Na Syombua, jirani aliyekuogesha ulipokuwa huwezi kuinuka, ana uvimbe kama wako. Nikamwambia aende. Aliposikia picha, akajiandaa kama anayekwenda studio: sare ya kanisa, shanga, na kitambaa cheupe amekizungusha shingoni mpaka kidevuni. Muuguzi ni mwanamume wa Kalama, hapa hapa Machakos, rika la mwanawe Syombua. Akaona haya kumwambia akivue, akampiga picha hivyo hivyo. Bingwa akajibu kwamba haoni uvimbe wowote, mgonjwa asubiri zamu ya kawaida. Mashine nzima hiyo, mama Njeri, imeshindwa na kitambaa.

Nilimgombeza. Akanijibu, "Baba Njeri, wewe ungetaka Nairobi wakuone na shingo kama ya kuku aliyeshiba?" Kisha akasema sauti yake imeanza kukwaruza. Yako ilianza hivyo.

Nimemwendea muuguzi. Atarudia picha Alhamisi, na muuguzi wa kike, mama mtu mzima, atakuwa chumbani. Syombua amekubali, ila hataki mimi niingie. Sitaingia. Nitakaa nje mpaka jibu litoke Nairobi, na wakiniambia nirudi kesho, nitawaambia hizo kesho zao nilizimaliza nikiwa na wewe.

Pumzika, mama Njeri. Huyu sitakubali azikwe akiwa bado anangoja.

Wako,
Baba Njeri