Juzuu ya Saba ya Mama

Jumatano, Mfunguo Saba, 1966

Manyunyu tangu alfajiri, na kusi inagonga madirisha. Chumba cha mama kina giza mchana huu. Sijui tena kama kwake yeye kuna tofauti.

Nimesomesha kwa miaka thelathini bila kuandika habari za nyumba yangu. Leo naandika kwa sababu nimefanya jambo linalonitia aibu, wala sina wa kumweleza.

Mwezi uliopita tulimfanyia khitma marehemu Bi Fatuma, dada wa pekee wa mama. Wanawake walikusanyika ukumbini, likafunguliwa sanduku la juzuu thelathini, kila mmoja akapewa yake. Zikisomwa zote, Kurani imetimia, na thawabu zake huombewa maiti. Mama alipewa ya saba. Aliishika karibu na uso, midomo ikicheza, kisha akaifunga na kuirudisha. Dua ikasomwa, halua ikaliwa, watu wakaenda zao.

Siku tatu baadaye akaniita.

"Sikuisoma," akasema. "Mato yangu hayaoni hata mstari. Niliona haya mbele ya wenzangu, nikasoma sura fupi nizijuazo kwa ghaibu. Dada yangu amepata juzuu ishirini na tisa."

Nikamwambia kuwa Mungu anajua udhuru wake. Nikatia udhu, nikaisoma ile juzuu mwenyewe mpaka mwisho, naye akisikiliza. Nilipofunga, alitikisa kichwa.

"Hiyo umesoma yako, mwanangu. Yangu iko pale pale."

Tangu siku hiyo hana ombi jingine. Anataka kuisoma mwenyewe, japo mara moja, kabla mwanga haujakwisha.

Lazima nikiri. Mwaka mzima nimemwona akimimina chai nje ya kikombe, nami nikimkemea kwa uzembe. Sikumwuliza hata siku moja anaona nini.

Nilianza mtaa wa Langoni, kwa muuza duka mwenye sinia la miwani. Mama hatoki mchana, kama ilivyo desturi ya wanawake wa hapa, basi yule bwana akaniazima jozi tano nikazijaribu nyumbani. Mama alivaa moja baada ya nyingine, akageuza uso huku na huku.

"Hii yanionyesha pua yangu," akasema. "Mrudishie. Mwambie pua yangu naijua."

Jirani yetu, Bi Zena, alicheka mpaka akashika ukuta. Mama pia alicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Kisha alipita daktari wa macho kutoka Mombasa. Nilitumaini kuwa ni mtoto wa jicho, maana huyo hutolewa kwa kisu na mtu akaona. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akaniita kando. Katikati ya macho yote mawili pamekufa, akasema. Kilichobaki ni pembeni, nacho kitafifia. Dawa hapana. Alinishauri nitafute kioo cha kukuza, na mama asome karibu na dirisha, akitazama kwa upande.

Kioo hicho nilikipata kwa Bwana Mutua, karani wa ramani, mtu wa Ukambani ambaye hunitembelea Jumamosi ili nimsahihishie barua zake.

"Chukua, Mwalimu," akasema. "Ila kikipotea nitasema umekula wewe. Ni mali ya Serikali."

Mama alikiweka juu ya ukurasa, akainamisha shingo kama ndege anayesikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Naona nukta," akasema. "Naona na mkia wa herufi. Nikiupata mkia, kichwa kimeshakwenda."

Hapo nikaamua kumwandikia. Nikanunua karatasi pana na wino mweusi, nikaandika kwa kalamu ya tete, herufi zenye urefu wa kidole, maneno matatu au manne kwa karatasi. Siku ya kwanza alisoma karatasi mbili. Alizisoma kweli, kwa macho yake. Nilidhani tumeshinda.

Juzuu moja ni kurasa ishirini. Nilipofika ukurasa wa tatu, karatasi zilikuwa zimejaa kabati, na mwanga wa macho yake ukikimbia kuliko kalamu yangu. Juzi aliomba herufi kubwa zaidi. Jana aliomba karatasi isogezwe dirishani, nayo ilikuwa dirishani tayari.

Leo asubuhi nilimwekea karatasi mpya. Aliipapasa kwa kiganja.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, mama."

"Basi acha. Usipoteze wino."

Kisha nikamwambia kuwa iko njia nyingine: nisome aya moja, airudie mpaka aishike kwa ghaibu, tuendelee na ya pili, hata tuimalize juzuu. Siku atakapoisoma yote bila msaada wangu, itakuwa imetoka kinywani mwake na kifuani mwake. Alifikiri, akakubali.

Tukaanza. Aya ya kwanza aliishika. Ya pili alikosea mahali pamoja, nikamsahihisha. Akakosea pale pale. Mara ya nne nikapiga meza kwa kofi na kusema, "Rudia," kwa sauti ile ninayowatolea wanafunzi wavivu.

Mama akaweka mikono mapajani, uso ameuelekeza penye meza.

"Mimi ndiye niliyekufundisha alifu," akasema taratibu. "Ulilia wiki nzima. Je, nilipiga meza?"

Nilimwomba radhi, akanipa, na baada ya sala ya adhuhuri tukairudia aya ya pili mpaka ikakaa.

Aya mbili kwa siku nzima. Zilizobaki ni zaidi ya mia, na mama ana miaka themanini na mbili. Hesabu hii naiweza, ila sitaki kuifanya.

Kesho baada ya alfajiri nitaketi chini, kwenye mkeka, mahali pasipo na meza.