Shikamoo Isiyofika

Iyula, 11 Juni 2023

Mwanangu Rabson,

Marahaba siiandiki, maana shikamoo yako sikuipata. Huku wazima, kahawa zimeanza kuiva, mguu wangu bado unasumbua. Simu yako sitaki kuipokea, ndiyo maana nakuandikia.

Alhamisi nilikuja Tunduma na viazi vyako. Nikasimama mlangoni mwa duka lako la vipuri. Ukatoka na boksi, ukanipita begani kabisa, shati lako likagusa kanga yangu! Nikanyamaza nione. Mtoto ndiye huanza kusalimia, au huko mmebadilisha? Ukaenda zako kucheka na Wazambia wako. Viazi nikampa mama muuza ndizi, nikarudi nyumbani.

Jirani yetu Mzee Osea alishasema kwamba Krismasi ulimpita hivyohivyo njiani. Nikakutetea. Heee! Kumbe ni kiburi cha marehemu baba yako. Naye alipita watu namna hiyo mpaka Mungu akamfumba macho, akafa anapapasa kuta.

Mama yako mzazi,
Ruti

Tunduma, 15 Juni 2023

Shikamoo mama,

Pole na mguu. Mke wangu Jenista na mjukuu wako Luka wanakuamkia.

Mama, haki ya Mungu sikukuona. Hata Jenista hulalamika kwamba nampita jikoni kama hayupo. Siku hizi najigonga kwenye kona za meza, na bodaboda wananitukana kwa kukatiza mbele yao. Macho hayaniumi, na mbele naona vizuri, hata namba ndogo za vipuri nasoma. Nilipanga kwenda Mbeya kupimwa, lakini wewe kwanza. Nakuja Iyula kukuomba radhi.

Mwanao,
Rabson

Iyula, 2 Julai 2023

Rabson,

Hali yangu usiiulize, uliiona mwenyewe ulipokuja.

Unaumwa macho halafu unasoma namba ndogo? Katanie wenzio. Wazee wa ukoo walikaa wote, nikakaza moyo, nikakunyooshea mkono wa kukusamehe nikiwa nimekaa ubavuni mwako. Ukauacha unaning'inia, ukampa mkono mjomba wako Fanueli aliyekuwa mbele yako. Mbele za watu! Niliyoyatamka pale siyafuti: macho yasiyomwona mzazi na yasione kingine. Usije tena kwangu.

Ruti, niliyekuzaa

Tunduma, 20 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Natumaini mguu umepata nafuu. Mimi si mzima.

Nimetoka Mbeya. Daktari anasema ni presha ya macho, wao wanaiita glakoma. Haina maumivu. Inakula pembeni kimyakimya, mbele inapabakiza mwisho, kwa hiyo mtu anasoma vizuri huku anawapita watu wake. Kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki tu. La kulia limekufa. La kushoto naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la bua la jani la mpapai.

Akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo. Baada ya maneno yako niliamini ni laana, na laana haipimwi hospitali. Mwaka mzima nimezunguka kwa waombeaji. Nilikuja hadi mlangoni kwako nikuombe uyafute, nikakusikia unakohoa ndani, hukufungua. Inaniuma, mama, sikufichi.

Akauliza pia habari za baba. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Mwambie dada Frida akapimwe.

Mwanao,
Rabson

Iyula, 29 Septemba 2024

Mwanangu, baba wa Luka,

Unaendeleaje? Naogopa hata kuuliza.

Nilisoma barua yako jikoni nikapiga ukunga, Frida akadhani kuna msiba. Masikini baba yako! Na yeye tulimwita mwenye kiburi mpaka tunamzika. Na wewe nimekuzaa mwenyewe, nikakufungia mlango mwenyewe. Uchungu huu sina wa kumpa.

Niruhusu nije Tunduma nikutemee maji kifuani, niyafute maneno yangu kama wazee wanavyofanya. Na Krismasi mlete Luka hapa nyumbani. Nakusihi, baba, usininyime mjukuu.

Mama yako,
Ruti

Tunduma, 14 Oktoba 2024

Shikamoo mama,

Sisi tupo. Jenista ananishikia rula nifuate mstari, utanisamehe mwandiko.

Usije. Maji hayatarudisha jicho, na ukisimama mlangoni kwangu sijui nitasema nini. Kusamehe bado sijafika, na sitaki kukudanganya.

Frida amenipigia, amepimwa na yuko salama. Nimeshukuru sana. Luka wamemkuta nayo. Imewahiwa, matone ameanza, na daktari anasema asipoyaacha ataona hadi uzee wake. Jenista analia, mtoto mwenyewe anatubembeleza sisi.

Krismasi haji. Kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwako pande zote mbili wamekaa wazee wanaosubiri kusalimiwa, na mwanangu simpitishi hapo.

Mwanao,
Rabson