Aliyemtaja Baba Night

Kator, Juba

Kwako rafiki yangu Night,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe na watoto ni wazima huko Koboko, na kifua cha yule mdogo kimepona. Mimi mwili hauna neno, shida ni usingizi. Ningekupigia, lakini siku hizi simu naiogopa, kwa hiyo barua hii inakuja na gari la Abshir mwenye duka.

Baba yako bado hajapatikana. Naanza na hilo usije ukasoma barua yote ukilitafuta. Tumegonga kila mlango wa polisi na wa jeshi, tunajibiwa kwa upole kwamba hayupo. Mama yako, ambaye sasa anakaa jirani yetu hapa Kator, bado anampikia, halafu chakula anawapa majirani.

Nimesikia umetuma neno kwamba binamu yako Jacob asikanyage tena kwenu, eti ndiye aliyemuuza mzee kwa watu wa kampuni ya dhahabu, kwa sababu ndiye aliyempeleka kwa bodaboda kwenye kikao cha kusikiliza wananchi kuhusu mgodi. Hebu punguza hasira unisikilize.

Vikao vya kwanza watu walitishwa sana. Aliyesema mto umeharibika alifuatwa hadi nyumbani kwake. Ndipo mawakili wanaotutetea wakaleta akili ya kutundika pazia ukumbini. Msemaji aingie kwa mlango wa nyuma, anong'one Kibari, lugha yetu, na mkalimani aseme kwa Kiarabu kwenye kipaza sauti, ili uso usionekane wala sauti isijulikane. Mkalimani nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliiringia, sikufichi.

Siku ya zamu ya baba yako, vijana waliovaa fulana na viatu vya jeshi walijipanga ukutani wakirekodi kwa simu. Baba yako alisema vizuri mno. Alisema mbuzi wakinywa mtoni wanakufa, na wanawake wanachota maji hayohayo kwa kuwa hakuna mengine. Alipofika kwenye makaburi ya wazazi wake, jinsi tingatinga lilivyoyafukua, mzee wa watu akashindwa, akalia.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwingine. Tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi Uganda sijawahi kumwita baba yako kwa jina jingine, na mtu akilia mbele yako unampa pole kabla hujafikiri. Nilisema, "Pole, Baba Night." Kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Ukumbi wote ulisikia, na kijijini kwenu Night ni mmoja tu. Alfajiri walikuja kumchukua. Jacob hana kosa lolote. Aliyemtaja ni mimi.

Kikao kilichofuata hakuja mtu. Kampuni ikatangaza kwamba wananchi hawana pingamizi.

Lakini kinachonimaliza ni mama yako. Siku ile alikuwa amekaa mstari wa pili. Alisikia kama wengine. Hadi leo kila asubuhi ananiita nikanywe chai, ananitilia sukari kwa mkono wake, na neno lile hajaligusa. Nami ninakwenda, ninakunywa, namshukuru.

Wasalimie watoto, na shangazi pia. Jacob mwombe radhi mapema, anaumia. Mimi usinijibu kama moyo hautaki, nitaelewa.

Ni mimi mwenzako,
Viola