Sungura wa Dada Konso

Jumatatu, 4 Machi 2002
Banda langu la gemu limejaa tangu asubuhi. Mashine mpya ya CD inanilisha, siwezi kuilalamikia. Kwenye TV wachezaji wa mpira wana jasho usoni, nyasi zinatikisika, wavulana wanapiga kelele hadi barabarani. Mchana nilimpelekea Dada Konso uji chumba cha nyuma. Hakumaliza. Amerudi kutoka Mwanza na ukimwi. Naandika neno hilo hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayelitaja.

Jumatano, 6 Machi
Konso ameulizia gemu letu la zamani. Lile la kaseti, tuliloachiwa na familia ya Kihindi ambayo Konso alikuwa akiiuzia dukani, walipohama Bukoba. Nikamwambia liko Kimwani kwa Shangazi, nililipeleka nilipopata hili jipya. Niliudhika. Nani leo anataka kuchezesha sungura wa miraba, hana hata macho?

Jumapili, 10 Machi
Nimefunga banda mapema, nikamwingizia TV na mashine mpya chumbani. Nilitaka aone dunia ilipofika. Akashika pedi ya kuchezea, akafungwa mabao mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nikamtania kwamba Mwanza imemharibu mikono.

"Koku, mpira siuoni," akasema.

Nikacheka. Konso akishindwa hakosi sababu, tangu utotoni.

Jumanne, 19 Machi
Leo nilimpa kikombe, akashika hewa, pembeni ya mkono wangu. Muuguzi anasema ugonjwa umeingia machoni na hautarudi nyuma. Kumbe alikuwa akisema kweli. Sungura wetu ni mweupe, mkubwa, kwenye anga jeusi. Alijua huyo bado angemwona. Mimi nikampa nyasi zinazotikisika. Najichukia.

Alhamisi, 21 Machi
Kimwani, kwenda na kurudi. Vumbi hadi kwenye meno. Basi liliharibika Muleba, tukakaa kando ya barabara tukila ndizi za kuchoma.

Njiani nilikumbuka nyoka wa hatua ya tatu. Tulimpa jina la mwalimu mkuu wetu. Hakuwa nyoka hata kidogo, ilikuwa mistari mitatu ya kijani. Macho, ulimi, hasira, vyote tulimwekea sisi. Kwenye gemu jipya hakuna cha kuongeza, waliolitengeneza wameshamaliza wao.

Shangazi alikuwa amelifunika gemu letu kwa kitambaa cha kufuma juu ya kabati. Pedi moja imekufa, watoto waliuvuta waya. Akauliza Konso anaumwa nini. Nikasema malaria. Wote tunasema malaria.

Ijumaa, 22 Machi
Nimeliunganisha. Muziki ulipoanza tu, Konso akainuka mwenyewe kitandani. Akauliza kama picha imeshawaka.

Ilikuwa imewaka, mbele ya uso wake.

Nimechelewa. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikampa pedi iliyokufa, nikashika ile nzima, nikawa nacheza mimi. Nikamwambia ameruka vizuri. Akatabasamu. Nikalala nikidhani nimefanya jambo jema.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi
Mama amekuja kutoka Kashozi na mkungu wa ndizi. Alasiri Konso akataka gemu. Nikarudia ujanja wangu. Kwenye mashimo ya hatua ya pili akaweka pedi mapajani.

"Huyu anayeruka si mimi," akasema. "Mimi sijawahi kuchelewa hivyo."

Hakukasirika. Alinyoosha tu mkono, nikampa pedi nzima. Akaanza upya, akaanguka shimo la kwanza. Akaanza tena, akaanguka. Nilipotaka kumwambia aruke sasa, akasema, "Waitu, ndugu yangu, nyamaza, nausikiliza muziki." Mama akaacha kumenya ndizi, akaja kukaa nasi. Hakuuliza mchezo wenyewe ni upi.

Alianguka mara nyingi sana. Kisha akavuka shimo moja. Sikumwambia, wala hakuhitaji kuambiwa. Alisikia muziki ukiendelea. Shimo la pili likammeza, akaanza upya.

Umeme ulipokatika akasema afadhali, amechoka. Nikamchukulia pedi, nikamfunika miguu. Mama akarudi kwenye ndizi zake.