Video Uliyoisubiri ya Dada Yako

Nyumba ya Ngazi za Mawe,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani, na kifua chako kimepona? Sisi huku tu wazima. Mama anakula na kugombana na redio, basi ujue hajambo.

Umeuliza sana kwa nini video niliyokuahidi haikufika. Nilikuwa nakukwepa. Sasa shangazi ameanza kuizungusha habari, afadhali uipate kwangu.

Unajua tangu ajali miguu ya dada yako hukakamaa kama mbao, na usiku humrusha kitandani. Vidonge vilishindwa. Hospitali wakaamua kumjaribia dawa ya kulegeza misuli kwa sindano ya uti wa mgongo. Ikimfaa, atawekewa pampu ndogo chini ya ngozi ya tumbo, iwe inampa kidogo kidogo.

Mimi nikatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba siku hiyo dada, fundi wetu wa cherehani, atatembea kama zamani. Hakuna aliyenituma.

Alidungwa asubuhi. Mchana magoti yakakunjika kwa urahisi, akacheka: "Kaka, hii miguu ya nani?" Mtaalamu wa mazoezi akamshika kiunoni, akamsimamisha. Nikamwambia, "Mwachie kidogo, unaziba picha." Akakataa. Nikamgeukia dada: "Njoo, bibi harusi!" Akautoa mkono wa mtaalamu yeye mwenyewe, kwa ajili yangu. Akaporomoka kama nguo iliyochomoka kambani, mbele ya wagonjwa wote. Mimi bado nimeinua simu.

Hakuvunjika. Baadaye mtaalamu alinieleza, bila kunitazama, kwamba ule ugumu ndio uliokuwa ukimsimamisha, maana misuli yenyewe ni dhaifu. Ukiuondoa wote kwa mpigo, hana cha kumshikilia.

Jioni dawa ilipoisha nguvu, ugumu ukarudi, naye akasema hospitali harudi tena. "Bora niwe mbao kuliko kuwa sinema." Mama hakunigombeza. Alizima redio tu.

Aliyemrudisha ni yule mtaalamu. Alimletea suruali ya kupunguza, wakazungumza mpaka pindo likaisha. Dada akakubali kwa sharti: kipimo cha dawa kiwe kidogo, na mimi nikae nje.

Juzi akadungwa tena, nami nikakaa nje. Pampu atawekewa mwezi ujao. Hilo nilielezwa na daktari alipopita pale kwenye benchi. Kisha mlango ukafunguka, dada akatoka na fimbo, mtaalamu nyuma yake. Kisigino kilitua sakafuni kwanza, halafu vidole. Goti la kushoto lilisitasita, lakini halikukubali kuanguka. Akaja akasimama mbele yangu.

"Kaka, mbona unaitazama miguu tu? Mwenyewe niko huku juu."

Nilishindwa kuinua uso. Bado najaribu.

Ukitaka kujua anavyotembea, muulize yeye. Msalimie shemeji na mtoto wenu, yule Kijogoo asiyelala. Mungu akuzungushie heri kila upande.

Akupendaye, japo amejaa haya,
Kaka yako