Mzee Aliyeshuka Ufukweni

Baba Goreti, nakusalimu sana, nasalimu mama mkwe, Selina na mapacha wake.

Hapa ughaibuni, katika ghorofa za mtaa wa Rissne, chini ya nyumba ya mtoto wetu Goreti anakaa mzee Mwingereza. Jana alitumiminia kahawa bila kuonja kwanza mwenyewe tuone haina sumu, basi mimi sikuinywa. Akasema zamani vitani yeye na askari wenzake walishuka kwa mashua ufukweni Ufaransa, wengi wakafia majini, lakini tangu siku ile Wajerumani wakaanza kushindwa. Nikamwambia Goreti, "Muulize, nani aliwaita?" Mzee akacheka: "Wenyeji walitungoja miaka, mama!"

Mimi simwamini. Kwetu ziwani askari wakishuka, tunakimbia.

Mkiona mashua ngeni, msingoje kujua kama ni wakombozi. Pandeni milimani kwa dada yangu. Niandikie upesi, nijue mko wote.